Rivyuu ya kliniki ya ini niliyompeleka ma'mkubwa baada ya chanjo ya korona (na ile chupa ya kusafisha ini nayo ntaisema)

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kliniki ya ini nyota nne kati ya tano. Maabara ya mtaani nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya yule kijana anayetoa damu, ana mkono mwepesi jamani hata huhisi sindano. Ile chupa ya "kusafisha ini na kutoa sumu ya chanjo" sifuri, na ingekuwepo hasi ningeweka hasi. Majina siweki hapa, la kliniki ntampa mwenye shida ya kweli akiniuliza pembeni, ya hao wengine sitoi maana sitaki kesi na mtu.

Mgonjwa ni ma'mkubwa wangu, mwalimu mstaafu yupo Tabata, miaka sitini na kidogo, pombe hagusi, sukari hana, presha anayo ila dawa anakunywa vizuri miaka mingi. Alichanja Pfizer. Dozi ya kwanza mkono ukamuuma kidogo basi akaendelea na maisha. Dozi ya pili ikapita kama wiki mbili hivi akaanza kujikuna. Sio upele, ngozi safi kabisa, ila viganja na nyayo zinawasha mpaka usiku halali, anaamka anaenda kusugua miguu kwenye zulia la mlangoni. Baadae uchovu, hamu ya chakula ikakata, vitunguu vikikaangwa tu anatoka jikoni anaenda kukaa barazani. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyolala. Mjukuu wake ndo aliyesema, bibi mbona macho yako ya njano? Watu wazima wote tulikuwepo pale sebuleni hakuna aliyeliona mpaka mtoto kasema.

Hapo sasa familia ikagawanyika kwenye grupu la wasap. Upande mmoja "tulisema mapema hiyo sindano sio ya kuamini", wanarusha na voisi za dakika saba saba za watu wasiojulikana. Upande wa pili "acheni kuongea mambo ya chanjo mtatisha watu, hiyo ni malaria tu". Nawaambia ukweli, pande zote mbili hakuna hata mmoja aliyesema twende tukapime ini. Hiyo ndo sababu hii rivyuu imekuwa ndefu.

MAABARA YA MTAANI

Tulianzia hapo sababu ni karibu na ilikuwa jioni. Wakapima malaria, hamna. Wakapima na taifodi kile kipimo cha Widal, wakasema ipo. Mkojo nao wakasema yutiai. Mkiishi Dar mnajua, ukiingia maabara za mtaani ukiwa umechoka hutoki bila taifodi na yutiai, ni kama kiingilio. Widal ni kipimo dhaifu, mtu yeyote aliyewahi kukutana na wale bakteria zamani au na ndugu zao anaweza kuonekana anayo, wataalam wenyewe wanalisema hilo miaka na miaka lakini huku mtaani ndo kwanza kinauza. Basi akaandikiwa sipro na diklofenaki ya maumivu, elfu thelathini na kitu jumla na dawa.

Kinachoniuma mtu kakaa mbele yako macho ya njano, anakwambia mkojo umekuwa mweusi, anajikuna mikono hapo hapo kwenye benchi, na wewe una mashine ya kupima ini ipo nyuma yako nimeiona kwa macho yangu, na bei imebandikwa ukutani, humwandikii! Unamwandikia diklofenaki ambayo yenyewe ni moja ya dawa zinazojulikana kuumiza ini kwa baadhi ya watu. Ma'mkubwa ni mpole akashukuru, "asante mwanangu Mungu akubariki", tukaondoka. Nyota moja na nusu nimeona ni huruma.

CHUPA

Hii sasa. Kuna dada mmoja anauza dawa za asili mtandaoni, ana wafuasi kibao, kila siku yupo laivu. Binamu yangu akamtafuta. Akatuma maelezo marefu kwamba chanjo inaacha sumu kwenye ini na sumu hiyo inatolewa na dozi yake ya chupa tatu, ila ukianza na moja utaona mabadiliko. "Mama yangu mpendwa ini ndo injini, injini ikichafuka gari haliendi." Elfu 45 chupa moja, na bodaboda juu yako.

Ikaja. Chupa ya plastiki ya lita moja, ile ile ya maji ya kunywa imebanduliwa lebo ya kiwanda na gundi bado ipo, juu yake karatasi ya kuprinti yenye picha ya ini jekundu linang'aa na maandishi HAINA MADHARA 100% ASILIA. Viambato hamna. Tarehe ya kuisha hamna. Namba ya usajili hamna. Nilimuuliza ndani yake kuna nini, akajibu manjano, pilipili manga, tangawizi, mshubiri na mizizi mingine "ambayo ni siri ya kazi". Harufu yake inakaba koo, ukiimimina kwenye kikombe inabaki mabaki ya njano yasiyotoka hata kwa jiki. Kikombe cha udongo cha ma'mkubwa kimeharibika mpaka leo.

Sasa ngoja niwaambie kitu kuhusu manjano maana najua mtanirukia. Ya kwenye pilau na mchuzi haina neno, endeleeni. Tatizo ni kuinywa kwa wingi kama dawa, na hasa ikichanganywa na pilipili manga, kwa sababu pilipili manga inafanya ile dawa iliyomo kwenye manjano iingie kwenye damu kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida. Marekani kuna mtandao wa madaktari wanaofuatilia watu walioumizwa ini na dawa na virutubisho, mwaka 2022 wakatoa taarifa ya wagonjwa 10 walioumizwa na vidonge vya manjano, 5 wakalazwa na 1 akafa kwa ini kushindwa kazi. Kumi ni wachache kwa nchi kubwa vile, sawa, lakini wewe unayemuuzia mtu ambaye ini lake TAYARI linawaka moto unamwambiaje haina madhara? Na mshubiri nao umeshawahi kutajwa kwenye ripoti za namna hiyo. Na ile mizizi ya siri hata sijui nianzie wapi. Kipindi cha korona sisi wote tulipiga nyungu, tukanywa tangawizi na malimao kwa ndoo, simcheki mtu hapa, ila nyungu unajifukiza unatoka, hii unaimeza kila siku asubuhi na jioni na ini ndo linapokea.

Halafu hiyo habari ya "sumu ya chanjo iliyokaa kwenye ini". Chanjo kama Pfizer inaleta maelekezo ambayo mwili unayasoma, kisha unayavunjavunja wenyewe. Hakuna tope lililotulia kwenye ini linasubiri kusuuzwa. Ikitokea chanjo ikamletea mtu shida ya ini, linaloonekana zaidi ni askari wa mwili wenyewe, yani kinga, wamechanganyikiwa wanapiga ini wakidhani ni adui. Sasa hapo unasafisha nini?

Alikunywa siku kadhaa tu. Njano ikazidi, na kichefuchefu juu. Dada wa laivu akaambiwa, akajibu "hiyo ndo sumu inatoka mama, ongeza kipimo". Ongeza kipimo!! Nikamimina iliyobaki chooni. Baadae nikaambiwa ningeiacha, ntaeleza kwanini.

KLINIKI YENYEWE

Ipo maeneo ya Upanga, ghorofani, inaongozwa na daktari bingwa wa ini na mfumo wa chakula, mdada wa makamo hivi. Kupata miadi ni kupiga simu, na simu wanapokea, hilo peke yake mjini hapa ni nusu nyota. Kumuona daktari mara ya kwanza ilikuwa elfu 50, kurudi elfu 30. Risepsheni kuna binti alimwamkia ma'mkubwa shikamoo kabla hajamuuliza bima, nikaona hapa wamefunzwa. Kwenye simu alituambia njooni na kila kitu mgonjwa anachokula na kunywa kama dawa, kila kitu, hata cha dukani, hata cha kanisani, wekeni kwenye kikapu mje nacho.

Basi tukaja na kikapu. Na hapa ndo hela yangu ilipofanya kazi.

Dokta alikipakua kikapu mezani kimoja kimoja. Dawa ya presha. Sipro imebaki vidonge viwili. Diklofenaki. Panadoli, akauliza unakunywa ngapi kwa siku mama, viwili viwili mara ngapi, kabla ya chanjo au baada, maana panadoli ikizidi gramu 4 kwa siku ni hatari kwa ini na watu wengi wakichanja wanazimeza kama karanga. Unga wa mlonge. Kile chai cha kupunguza tumbo alicholetewa na shoga yake kutoka Dubai, ambacho hata sisi nyumbani hatukukijua! Ma'mkubwa akaona aibu, "nilikunywa kidogo tu daktari". "Hamna shida mama, hapa hakuna kosa, tunatafuta tu." Akauliza na mirungi, ma'mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu. Dokta hakucheka sana, akasema mirungi ipo kwenye orodha yake sababu inaumiza ini na wapo wanaokuja nayo. Akauliza na ile chupa iko wapi, nikasema nimemwaga, akasema siku nyingine msimwage, leteni, hata lebo.

Kisha akachukua karatasi nyeupe akachora mstari mrefu. Hapa dozi ya kwanza. Hapa dozi ya pili. Hapa kuwashwa kulianza. Hapa mkojo. Hapa sipro na diklofenaki. Hapa chupa. Akamgeuzia ma'mkubwa ile karatasi, akamwambia mama wewe ni mwalimu hebu soma. Ma'mkubwa akavaa miwani akasoma kama anasahihisha daftari. Kuwashwa kulianza kabla ya sipro, kabla ya chupa. Kwa hiyo chupa na sipro haviwezi kuwa ndo vilivyoanzisha, vinaweza tu kuwa vimeongeza. Kile chai cha Dubai alikiacha miezi mingi nyuma. Mstari mmoja wa kalamu umefanya kazi ambayo grupu zima la wasap limeshindwa.

Nikamuuliza moja kwa moja, dokta ni chanjo? Akasema inawezekana, na siwezi kukwambia ndiyo mpaka niondoe wengine wote, na hata nikiwaondoa wote hakuna kipimo duniani kinachotoka kimeandikwa chanjo. Jibu lile lilimkera binamu yangu aliyekuwa anataka mshindi wa ubishi, mimi lilinipa imani.

Vipimo sasa. ALT, kipimo kinachopanda ini likiumia, ya mtu mzima kwa kawaida inacheza chini ya 40 hivi, yake ilikuwa imevuka 900. Bilirubini, ile rangi inayoleta njano ya macho, juu. Wakapima homa ya ini A, B na C, wakapima HIV, ultrasaundi kuangalia kama kuna jiwe au kitu kimeziba njia ya nyongo, hamna. Wakapima na kuganda kwa damu, INR, akasema hicho ndo anachokiangalia kuliko hata ALT maana kikiharibika ujue ini limeanza kushindwa kazi, na kuchanganyikiwa akili nako ni ishara mbaya, akatuambia tukiona mama anaongea vitu havieleweki au analala kupitiliza tusisubiri miadi, twende emajensi usiku huo huo. INR yake ilikuwa sawa, alhamdulillah.

Vipimo vya kinga vilipelekwa nje ya nchi, hivyo ni ghali na vilichelewa. Kingamwili za kushambulia mwili mwenyewe zikarudi zipo, na IgG, aina moja ya kingamwili za damu, ipo juu. Akashauri kutoa kinyama cha ini. Ma'mkubwa akagoma. Dokta akakaa nae peke yao karibu nusu saa, akamwonyesha na sindano yenyewe, kwamba wanaongozwa na ultrasaundi, wanachoma ganzi ubavuni kulia, wanachukua kipande chembamba, halafu unalalia upande huo masaa kadhaa wanakuangalia isije ikavuja damu. Alikubali kwa sharti kwamba mimi nikae mlangoni. Majibu yakaonyesha chembechembe za kinga zimevamia ini.

Akaanzishiwa predinisoloni, steroidi ya kutuliza kinga. Na hapa kuna jambo nataka mlisikie hasa nyie mnaonunua steroidi famasi bila cheti: ndo maana alipima homa ya ini B kwanza. Huku kwetu B ipo kwa watu wengi na hawajui, na mwenye nayo ukimpa steroidi bila kujua, kirusi kinaweza kuamka kikamaliza ini lililobaki. Sijui kama yule wa maabara ya mtaani angekumbuka hilo.

ALT ikaanza kushuka, 900, 400, 150, baadae ikaingia kawaida. Kuwashwa kuliisha mapema kuliko njano ya macho. Dawa anapunguziwa kidogo kidogo, hairuhusiwi kuacha ghafla, na inamletea shida zake, sukari imechungulia, uso umevimba, usingizi hamna, analalamika kila siku kwamba anakula kama mjamzito.

NILICHOSOMA MWENYEWE

Mimi sio daktari ila nikikaa foleni nasoma, na dokta alinipa pa kuanzia. Kesi za kwanza za kinga kushambulia ini baada ya chanjo ya korona kuandikwa ilikuwa 2021, mmojawapo mama wa miaka 35 huko Marekani alikuwa ametoka kujifungua, akachanja Pfizer, akaanza kuwashwa kisha njano, nikasema huyu ni ma'mkubwa kabisa. Walioandika wenyewe wakajiuliza ni chanjo imesababisha au ni ajali tu ya muda kugongana, na swali ni la haki maana ugonjwa wa kinga kushambulia ini ulikuwepo kabla ya korona na unapenda sana wanawake, hata waliojifungua karibuni.

2022 ikaja kazi kubwa zaidi, wakakusanya wagonjwa 87 kutoka nchi 18. Kama nusu yao shida ilionekana ndani ya siku 15 baada ya kuchanja, wa mapema kabisa siku 3 na wa mwisho siku 65. Sio Pfizer peke yake, Moderna na AstraZeneca wamo. Kama nusu hivi walipewa steroidi, wengine walipona bila. Mmoja tu ini lilishindwa kabisa akapandikizwa jingine. Kuna na yule mwanaume wa miaka 52 Ujerumani, alipata baada ya dozi ya kwanza, ikatulia, akachanja ya pili ikarudi tena. Hiyo ndo sababu dokta kamwambia ma'mkubwa dozi ya nyongeza ya aina hiyo asiende kuchoma mpaka waongee wao wawili kwanza, na asikubali mtu wa kampeni amvute mkono.

Sasa kabla hamjaniskrinishoti upande mmoja: Hong Kong waliangalia watu zaidi ya milioni 2 waliochanja Pfizer na ile ya Kichina ya CoronaVac, hawakuona ini kuumia likiongezeka kuliko kipindi ambacho hawajachanja. Korona yenyewe ndo ilikuwa inagonga ini sana. Na dozi zilizochomwa duniani zimepita bilioni 13. Madaktari wa ini wa Ulaya waliwaambia wagonjwa wao wa ini wachanje, sababu mwenye ini lililokakamaa akipata korona hali yake inakuwa mbaya kuliko wengine. Huku kwetu Mama Samia alichanja hadharani tarehe 28 Julai 2021, ile ya Johnson, na nyumbani kwetu tulipanga foleni baadae tukiwa tumezika watu wawili mtaa mmoja. Ma'mkubwa mwenyewe ukimuuliza anajutia? Anasema alizika shoga zake wa chama, anajua alichokuwa anakikimbia. Mimi sina la kuongeza hapo.

Dokta pia alijaza fomu ya maudhi ya chanjo ya kwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mbele yetu, akaomba ile kadi ya chanjo akanakili namba ya bachi. Ma'mkubwa kadi alikuwa nayo kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja. Watu mnatupa zile kadi, acheni. Kumbe mgonjwa au ndugu pia anaweza kutoa taarifa hizo, sio lazima daktari, hilo sikuwahi kusikia kwenye tangazo lolote wakati wa kampeni, tulisikia tu "ni salama" na mziki juu yake. Wangesema salama kwa walio wengi sana, na ukiona macho ya njano au mkojo mweusi wiki za mwanzo kapime ini, nani angekimbia? Mimi naona wangeaminika zaidi.

KILICHOWANYIMA NYOTA YA TANO

Bei ya kutoa kinyama hawakusema mapema. Tumefika asubuhi mgonjwa hajala, ndo bili inatolewa, na baadhi ya vitu NHIF haikugusa, hasa vile vipimo vya nje, nikaanza kupiga simu kwa ndugu nikiwa kwenye korido. Hilo sio sawa, andikeni bei kwenye karatasi siku ile mnashauri. Majibu ya nje yalikaa mno na kila nikipiga naambiwa "kesho dada". Binti wa risepsheni wa zamu ya mchana sio yule wa asubuhi, huyu wa mchana anaongea na simu yake huku anakupa kidole usubiri. Lifti ilikufa mara kadhaa na ni ghorofa ya tatu, mgonjwa wa ini hana nguvu za ngazi, tulimpandisha tunapumzika kila kona. Tivii ya kusubiria inapiga mahubiri kwa sauti ya juu asubuhi mpaka jioni, na ukiomba wapunguze wanakuangalia kama umekufuru. Kupaki sahau.

Ila supu ya kantini chini ni nzuri, naandika sababu mtakaa sana.

Wanaotaka kwenda: dokta mwenyewe yupo Jumanne na Alhamisi, siku nyingine ni wasaidizi wake ambao nao wako vizuri lakini kutoa kinyama wanamsubiri yeye. Ukifika kabla ya saa moja na nusu unatoka kabla ya saa tano. Beba rufaa kama una NHIF maana bila hiyo wanakurudisha getini, beba kadi ya chanjo, beba kikapu na kila kichupa kilichomo ndani ya nyumba, na kama umeshanunua chupa ya njano kwa yule dada wa laivu usiimwage, nenda nayo, dokta anazikusanya.